Ukipewa Majibu ya Kolesteroli, Usiishie Kwenye Jumla

Wengi wetu tukipokea karatasi ya maabara hukimbilia mstari wa kolesteroli ya jumla. Mama alirudi nyumbani na jumla ya 5.8, pembeni pamewekwa herufi H, yaani imezidi, na usiku huo chakula hakikupita. Mjomba alikuwa na 4.9 isiyo na alama yoyote, akaendelea na sigara zake kwa amani. Nilipoziweka karatasi zote mbili mezani na kuzisoma mstari kwa mstari, niliyemhofia ni mjomba.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Chukua jumla, toa HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri. Kinachobaki ndicho kinachoweza kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. HDL ya mama ilikuwa 2.1, akabaki na 3.7. Ya mjomba ilikuwa 0.8, na kwa mwanaume chini ya 1.0 ni kidogo, akabaki na 4.1. Tena trigliseridi zake, yaani mafuta mengine ya kwenye damu, zilikuwa 3.0, wakati zinatakiwa zisivuke 1.7. Hizi hupandishwa na sukari, pombe, kitambi na kisukari kisichodhibitiwa, kwa hiyo nilimsihi akapime sukari wiki ileile.

Mstari wa LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, nao usomwe kwa uangalifu. Maabara nyingi haziipimi moja kwa moja, huikokotoa kutokana na namba nyingine tatu. Trigliseridi zikizidi 4.5, hesabu hiyo haiaminiki tena. Omba LDL ipimwe yenyewe.

Kabla ya kulinganisha majibu ya maabara mbili, tazama kipimo kilichoandikwa mbele ya namba. Moja huandika mmol/L, kama namba nilizotaja hapo juu, nyingine mg/dL. Nimeona mtu akitetemeka kwa sababu mwaka jana alikuwa na 5.4 na sasa ana 209. Gawa 209 kwa 38.67: ni ileile 5.4. Kwa trigliseridi, gawa kwa 88.6.

Kiwango kilichochapwa pembeni hakikujui wewe. Kwa mwenye hatari ndogo, LDL chini ya 3.0 hutosha. Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya 2019 inataka ishuke chini ya 1.4. Karatasi moja, maana mbili. Ndiyo maana daktari makini atakuuliza umri, presha, sukari, sigara, na kama kuna mzazi au ndugu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema.

Jikoni nako, dumu lililoandikwa "haina kolesteroli" lisikutulize. Mafuta ya mimea yote hayana kolesteroli ya kutajika. La kuuliza ni mafuta yanayoganda: ya mawese karibu nusu yake ni ya aina hiyo, ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Sisi tumehamia alizeti ya Singida, na hata hiyo tunaipima kwa kijiko.

Kama umeandikiwa dawa za kushusha kolesteroli, tafadhali usiziache ukashika maji ya limau na kitunguu saumu kwa sababu jirani kasema. Zikikuletea maumivu ya misuli, rudi kwa daktari akubadilishie. Na ukifika pale, mwombe akupime na presha.