Kwa Nini Mkora Anakuomba PIN Badala ya Kuvunja Kufuli

Buruburu ina Phase tano. Phase 2, 3 na 5 ni namba tasa, yaani kila moja inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. 4 si tasa, kwa sababu ni 2 mara 2. Na ile matatu ya 58? Pia si tasa: ni 2 mara 29.

Sasa unajiuliza, hii hesabu inahusiana vipi na pesa zangu? Toa simu ujaribu kitu. Kwenye kikokotoo, zidisha 89 kwa 97. Umepata 8,633, sindio? Sasa mpe jirani hiyo 8,633 pekee, umuulize ni namba gani mbili tasa zilizozidishwa. Atajaribu 3, 7, 11, 13... na atachoka kabla hajafika 89.

Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitumia tabia hiyo kutengeneza kufuli la kompyuta linaloitwa RSA. Mwenye kufuli anazidisha namba mbili tasa kubwa mno, anatangaza jibu, halafu anaficha zile mbili. Mtu yeyote anaweza kulifunga kwa kutumia jibu, lakini kulifungua ni lazima uzijue zile mbili. Hadi leo, RSA ni mojawapo ya njia ambazo tovuti na programu za pesa huthibitisha kwamba simu yako inaongea na mfumo halisi.

Mwaka huohuo wa 1977, watu walipewa namba ya tarakimu 129 waivunje. Ilivunjwa 1994, baada ya watu kama 600 kuunganisha kompyuta karibu 1,600 kwa miezi 8. Namba ya tarakimu 250 ilivunjwa 2020. Makufuli ya leo kwa kawaida yana tarakimu 617.

Mkora hana hiyo nguvu. Ndiyo maana anaachana na kufuli na kukupigia wewe.

PIN ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu. Inalindwa na mambo mawili: mfumo kujifunga ukikosea mara kadhaa, na wewe kunyamaza. Ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, basi michanganyiko ya kubahatisha haifiki hata 100, na mwaka wenyewe umeandikwa kwenye kitambulisho chako!

Kwa hivyo ukiwa kwenye 58, mmekwama Jogoo Road, na simu iite: "Napiga kutoka huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo, nitajie PIN," usibishane. Kata. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata siku moja.

Zile tarakimu 617 tuachie sisi. Zako ni 4 tu. Kama ni mwaka wa kuzaliwa, zibadilishe leo kabla hujalala.