Kupima Nguvu ya Mkono wa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mtindio wa ubongo hutokana na madhara yaliyoupata ubongo ungali unakua. Jambo ambalo wazazi wengi huliona kwanza ni mkazo: kiwiko kimejikunja na ngumi imefumbwa. Hapo hudhaniwa kwamba mkono una nguvu kupita kiasi. Sivyo. Mkazo ni upinzani wa msuli unaponyooshwa na mtu mwingine. Nguvu ni kile ambacho mtoto hukitoa kwa hiari yake. Msuli uleule huweza kukaza na bado ukawa dhaifu, na kwa hiyo mambo haya mawili hupimwa mbalimbali.

Njia nyepesi ni kupima kwa mkono wa mtaalamu, kwa alama 0 hadi 5. Alama 0 ni msuli usiojikaza kabisa. 3 ni kuinua kiungo dhidi ya uzito wake. 5 ni nguvu ya kawaida. Udhaifu wa njia hii umo katika alama 4, ambayo hubeba watoto wenye nguvu zinazotofautiana sana.

Ndipo hutumika dainamomita, chombo kinachoonyesha nguvu ya kushika kwa kilo. Mtoto huketi, bega likiwa ubavuni, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90 na kifundo cha mkono kimenyooka. Hubana mara tatu, akipumzika katikati, kisha wastani huandikwa. Kifundo kikiinama, vidole hupoteza nguvu ya kushika. Kwa hiyo, ikiwa mpimaji alikishikilia kifundo siku ya kwanza, hana budi kufanya vivyo hivyo siku zote zifuatazo, na kuliandika jambo hilo katika jalada.

Pasipo na dainamomita, mkanda wa mashine ya shinikizo la damu huweza kukunjwa, ukajazwa hewa kidogo, na mtoto akaubana. Kipimo hicho husomwa kwa milimita za zebaki, wala kisilinganishwe na kilo.

Kusoma matokeo kwataka uangalifu. Chukua mfano wa mtoto wa miaka 8 aliyeathirika upande wa kulia. Mkono wa kulia unabana kilo 5, wa kushoto kilo 10. Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi, wa kulia unabana kilo 6 na wa kushoto 12. Mzazi atafurahi kwa kilo moja iliyoongezeka. Lakini mkono wa kulia ungali na nusu ya nguvu ya mwenzake. Yawezekana kilichoongezeka ni umri tu. Tena, mtoto aliyechoka au asiyeelewa agizo hutoa namba ndogo, naye akaitwa mvivu bila kosa.

Hatimaye, nguvu si matumizi. Mfumo wa kuainisha uwezo wa mikono uliochapishwa mwaka 2006, wenye ngazi 5 kwa watoto wa miaka 4 hadi 18, hauulizi mtoto anabana kilo ngapi, bali hushikaje vitu katika maisha ya kila siku. Mtaalamu mwenye busara huviweka vipimo vyote viwili pamoja, ndipo aamue kama mazoezi yaendelee, yabadilishwe, au mtoto afundishwe njia nyingine ya kufunga vifungo vya shati lake.