Kadi ya bima ikifungwa, nani anunue dawa?

Ndugu Waislamu, mkataba wangu wa kufundisha ulikwisha, na kadi ya bima ikafungwa. Mama yangu, mgonjwa wa kisukari, akaanza kupunguza insulini bila kuniambia ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hiyo si subira, ni kujiangamiza. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Nikakopa, nikanunua.

Sharia imeweka utaratibu. Kwanza, mtoto mwenye uwezo: kumhudumia mzazi fukara ni wajibu wake, si hisani. Akishindwa, Qur'an (9:60) imewataja mafakiri na maskini mwanzo kabisa katika makundi 8 ya Zaka. Je, msikiti wako unawajua wagonjwa walioacha dawa? Tuwaulize leo, kabla hatujaulizwa sisi kesho Akhera.

Wallahu a'lam.