Kupima Oili ya Motokaa

Wako wenye motokaa wangojao fundi awaambie kama oili ya injini imepungua. Injini ikikaukiwa hukwama, na gharama yake ni kubwa. Lakini kupima hakuhitaji fundi. Gari lisimamishwe mahali pa sawa, injini izimwe dakika 10 hivi, oili iteremke. Kijiti kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe mpaka mwisho, kisha kichomolewe tena: oili yafaa iwe kati ya alama mbili. Kuizidisha pia ni vibaya. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia. Hapo fundi aitwe. Rejeta nayo isifunguliwe ingali moto, hasa baada ya kupandisha kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, kwani maji yaliyobanwa humo yaweza kupita digrii 100, nayo humrukia mtu usoni.