Kumwandaa Mwalimu Tarajali Kufundisha Fasihi ya Tamaduni Nyingi: Mfano wa Ruiru

Utangulizi

Fasihi ni zao la jamii, nayo jamii ya Kenya ni ya tamaduni nyingi. Kwa mintarafu hii, mwalimu wa fasihi hakabiliani na matini pekee, bali pia na wasomaji wenye tajriba tofauti. Makala hii inajadili namna ya kumwandaa mwalimu tarajali kwa jukumu hilo, kwa kurejelea mji wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu.

Mazingira ya Darasa

Ruiru imepakana na Nairobi, si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinachoandaa walimu wa shule za upili. Mashamba ya kahawa, viwanda na upanuzi wa barabara kuu ya Thika uliokamilika mwaka 2012 vimewaleta hapo wakazi kutoka pembe nyingi za nchi. Darasa moja la shule ya kutwa laweza kuwa na wanafunzi ambao nyumbani huzungumza Kigikuyu, Kikamba, Kijaluo au Kiswahili pekee.

Tatizo

Tuchukue Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyowahi kuwa kitabu teule. Daktari Ridhaa anapoteza jamaa zake nyumba yake inapoteketezwa katika ghasia zinazofuatia uchaguzi. Msomaji Mkenya hukumbuka mara moja machafuko ya 2007 na 2008, ambapo Tume ya Waki iliripoti vifo vya watu 1,133. Mwalimu asiyeandaliwa huenda akauliza, "Hili ni kabila gani?" Swali hilo hugeuza darasa kuwa mahakama: mwanafunzi mmoja hunyamaza kwa kuwa wazazi wake walifurushwa, mwingine kwa kuhofia kuhesabiwa miongoni mwa waliofurusha. Hata hivyo, kuikwepa mada na kuishia kwenye muhtasari wa ploti si suluhisho, kwani dhamira ndiyo roho ya kazi.

Mapendekezo

Kwanza, mwalimu tarajali afunzwe kutumia umbali wa kisanaa. Matei ameisawiri nchi ya kubuni, Wahafidhina. Swali "Nani alinufaika na chuki Wahafidhina, na matini yathibitishaje?" humwezesha kila mwanafunzi kujibu kwa ushahidi bila kujitetea.

Pili, asimfanye mwanafunzi yeyote msemaji wa jamii yake. Mifano ya methali na mila iombwe kwa darasa zima, naye atakaye ajitolee.

Tatu, kabla ya mazoezi ya kufundisha, wahadhiri watenge vipindi ambapo wanachuo hufundishana. Mmoja, akiigiza mwanafunzi, atoe kauli ya dharau kuhusu jamii fulani. Anayefundisha aijibu papo hapo bila kumwaibisha msemaji wala kuiacha kauli ipite, kisha wenzake wamtathmini.

Hitimisho

Mtihani hupima kama mwanafunzi ameielewa riwaya. Haupimi iwapo, baada ya kipindi, bado anaweza kuketi dawati moja na mwenzake. Hilo la pili limo mikononi mwa mwalimu, na maandalizi yake yaanzie chuoni.