Kufundisha "Ya", "Za", "Cha" na Wenzake katika Shule za Babati

Mwanachuo aendapo kufundisha Maisaka, au popote mjini Babati, huweza kuwakuta katika chumba kimoja watoto wa Kiiraqw, wa Kigorowa, wa Kirangi na wa Kidatoga. Wote hufundishwa kwa Kiswahili, na hazitapita siku nyingi kabla ya kusikia "kiti ya mwalimu" na "mti ya shule". Tusiharakishe kuliita kosa hili ujinga. Nairobi husikika hata vinywani mwa watu wazima.

Kiungo -a huonyesha kuwa kitu fulani ni cha fulani. Kazi hiyo imo katika lugha nyingi, bali kila moja ina namna yake ya kutia alama. Kitagalogi cha Ufilipino hutumia neno ng, litamkwalo "nang": bahay ng guro ni nyumba ya mwalimu, na silya ng guro ni kiti chake. Kitu kikibadilika, neno halibadiliki. (Mwenye kitu akitajwa kwa jina lake, kama Pedro, ndipo hutumika ni.) Kiiraqw hakitumii neno la pekee, alama hubandikwa mwishoni mwa jina la kitu kinachomilikiwa. Hhartá baabú'ée' maana yake ni fimbo ya baba yangu. Ile -tá, pamoja na sauti inayopanda, ndiyo ifanyayo kazi ya "ya", na majina ya jinsi nyingine hupata alama nyingine. Basi mtoto wa Kiiraqw aingiapo Darasa la Kwanza amekwisha kuzoea mambo mawili: kitu humtangulia mwenyewe, na alama hufuata aina ya kitu, si ya mwenyewe. Kiswahili nacho hutaka hayo hayo. Mwalimu amkatazaye mtoto kutamka neno la kwao darasani hujinyima msaada huo, nami siuoni ulazima wa katazo hilo.

Asemaye "ya" kila mahali ameligeuza neno letu kuwa kama ng. Mara nyingi ataeleweka, lakini hasara ipo, na yafaa somo lianzie pale inapoonekana. Wengi wetu huanza na kiti na viti. Kwa maoni yangu huko ni kuanza pasipo na haja, kwa kuwa wingi umekwisha kuonekana katika vi-. Anza na kalamu. "Kalamu ya Asha" ni moja. "Kalamu za Asha" ni zaidi ya moja. Jina halikubadilika hata herufi, na hesabu yote imebebwa na kiungo. Ukimwambia mtoto aweke pamoja kalamu za Asha na kalamu ya Juma, naye akaleta mbili, hakushindwa kujumlisha.

Weka mezani kalamu nne. Sema, "Nipe kalamu ya Asha," kisha, "Nipe kalamu za Asha." Mtoto ajibu kwa mkono kabla ya kujibu kwa mdomo. Endelea na fimbo, nguo na sahani. Siku ya pili watoto wenyewe watoe amri. Kiti, mti na gari vije baadaye. "Ufunguo wa mlango wa chumba cha mwalimu" usubiri zaidi, kwani humo kila kiungo hulitazama jina lililokitangulia.

Ng'ombe asitumiwe katika somo la kwanza, ingawa hapa Babati ndiye mfano ujao upesi ulimini: "ng'ombe wa baba" aweza kuwa mmoja au zizi zima.