Ufundishaji wa Maneno Magumu kwa Slaidi: Mfano wa Somo la Vita vya Majimaji

Mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hukutana mapema na jambo ambalo vitabu vya mbinu hulitaja kwa ufupi mno: somo zima laweza kuharibika kwa ajili ya neno moja. Jambo hili tulilishuhudia Kilwa Kivinje, katika darasa la tano la shule moja ya msingi, tulipofundisha Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Slaidi zetu zilisomeka vizuri na picha zilionekana hadi madawati ya nyuma. Slaidi ya tatu ilikuwa na sentensi hii: "Hongo walisambaza maji kutoka Ngarambe hadi vijiji vya mbali." Tuliisoma kwa sauti, tukaendelea. Mwisho wa kipindi tukauliza ni kwa nini watu wengi walijiunga na vita. Mtoto mmoja akasimama, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba walipewa hongo. Wenzake wakaafiki.

Kosa halikuwa la mtoto. Kwake yeye hongo ina maana moja tu, ile aisikiayo redioni: fedha apewayo mtu mwenye madaraka ili apotoshe haki. Hatukumwambia kwamba katika karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipoteremka kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kivinje, hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na watawala wa njiani ili msafara upite. Wala hatukumwambia kwamba Kinjikitile Ngwale, alipoanza kugawa maji huko Ngarambe mwaka 1904, alisemwa kuwa amepandwa na pepo aitwaye Hongo, na kwamba wajumbe waliochukua dawa hiyo hadi mbali nao waliitwa kwa jina hilo. Basi mtoto yule, ambaye huenda ana babu aliyetoka Umatumbi, aliondoka darasani akiamini kwamba wazee wake walipigana kwa kuwa walihongwa. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo.

Tulipokaa kulifikiri jambo hili, dawa ya kwanza iliyotujia ni ile ya kawaida, yaani kuorodhesha maneno magumu ubaoni kabla ya somo kuanza. Tumeijaribu mara nyingi. Mtoto huinakili orodha, na afikapo slaidi ya tatu amekwisha kuisahau. Dawa ya pili ni kuweka sherehe mwishoni, kama vitabu vya zamani vilivyofanya. (Neno sherehe lenyewe lingehitaji kuelezwa leo, kwani wanafunzi wetu watafikiri pilau.) Lakini maana ijayo mwishoni humkuta mtoto amekwisha kujitengenezea maana yake mwenyewe, na kuing'oa hiyo ni kazi kubwa kuliko kupanda mpya.

Njia tunayoipendekeza ni kuifanya slaidi iwe na kidirisha, yaani kisanduku kidogo chenye maana ya neno, ambacho hakionekani mpaka neno hilo libofywe, kisha hufungwa na somo likaendelea. Utengenezaji wake si mgumu. Juu ya neno lenyewe huchorwa mstatili usio na rangi wala mstari wa pembeni, ili jicho lisiuone. Kisha hutengenezwa kisanduku cha maana, nacho hupewa mwendo wa kutokea. Na katika mpangilio wa mwendo huo huchaguliwa kwamba uanze pale mstatili ule ubofywapo, usianze kwa kubofya popote tu. Mwendo wa pili, wa kutoweka, huanza kisanduku chenyewe kibofywapo. Mstatili ule unahitajika kwa sababu programu hizi huambatanisha mwendo na kitu kizima, si na neno moja lililo ndani ya sentensi.

Hapa pana mtego uliotunasa sisi wenyewe. Mwalimu akikosea kidogo, akabofya kando ya neno, slaidi huruka mbele na darasa hucheka. Hivyo katika mpangilio wa mapito ya slaidi ni lazima kuondoa ile alama inayoruhusu kusonga mbele kwa kubofya kipanya, na badala yake kutumia kitufe cha mshale. Tena kisanduku kiwekwe chini ya slaidi, kamwe kisiifunike sentensi. Maana inayoficha sentensi yake humnyima mtoto nafasi ya kulipima neno dhidi ya majirani zake. Na anayetaka kuwagawia wanafunzi nakala atengeneze slaidi nyingine za kuchapisha, kwani visanduku vyote hujitokeza kwenye karatasi hata kama darasani vilifichwa.

Hata hivyo ufundi huu ni sehemu ndogo ya kazi. Iliyo kubwa ni kuamua neno lipi lipewe kidirisha na kisemwe nini ndani yake. Mtoto wa Kivinje hahitaji kuelezwa kupwa na kujaa, wala kusi na kaskazi, wala mikoko. Pengine ayajua kuliko mwalimu aliyetoka bara, na kumfungulia kidirisha cha mambo hayo ni kumdharau. Slaidi hizo hizo zikipelekwa Njombe, vidirisha hivyo vitahitajika. Zaidi ya hayo, kuna maneno ambayo mtoto wa hapa huyajua na kamusi ikampotosha. Mwembe Kinyonga ni mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliowapinga, akiwamo Hasani bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mwalimu mgeni akifungua kamusi atakuta mnyama abadiliye rangi. Kwa neno kama hilo tunashauri kidirisha kiachwe kitupu, na darasa lenyewe liseme cha kuandika.

Maana iandikwe kwa maneno yasiyozidi kumi na tano au hapo, yote yakiwa yanajulikana na mtoto. "Akida: mwenye cheo cha uakida" haisaidii mtu. "Akida: mtu aliyewekwa na Wajerumani kusimamia vijiji vingi na kukusanya kodi" yatosha. Na maneno yasizidi manne au matano kwa kipindi kimoja. Wako wenzetu waliojaza vidirisha kumi na viwili; kipindi kikawa mchezo wa kubofya, na pamba iliyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905 haikutajwa kabisa.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kidirisha kisifunguliwe kabla wanafunzi hawajabahatisha maana kutokana na sentensi. Mwalimu asome, anyamaze, aulize: "Hapa hongo ni mtu au ni kitu?" Kitenzi "walisambaza" kitawajibu. Hapo ndipo kisanduku kinapofunguliwa, nao hukisoma kama watu wanaohakikisha jambo.

Ikiwa shule haina projekta, au umeme umekatika, karatasi ya manila hufanya kazi ile ile. Kipande kidogo hubandikwa kwa gundi upande wa juu tu, kikawa kifuniko, na maana huandikwa chini yake. Twakiri kwamba katika madarasa kadhaa tumekipenda kifuniko kuliko kidirisha, kwa kuwa anayekiinua ni mtoto mwenyewe, mbele ya wenzake.

Tulipolirudia somo lile kwa mkondo mwingine, neno tulilolifunika mwisho lilikuwa maji. Watoto walicheka, nani asiyejua maji? Msichana aliyeitwa mbele akainua kifuniko, akasoma polepole: "Dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na nafaka; watu waliamini itazuia risasi." Akakishikilia kifuniko bila kukirudisha, akatuuliza kama ilizuia.